Biberoni ya Fundi Zahoro

Zahoro Ramazani alikuwa mtu mwoga, wala hakuona haya kulisema. Kataki nzima, mtaa wake wa Kalemie, ilijua. Alikuwa fundi wa injini za boti, lakini hakukanyaga boti kabla ya kujifunga jile yake, fulana ya kuokolea maisha, mpaka chini ya kidevu, hata siku ambazo Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Abiria walimcheka.

"Papa Zahoro, wewe unalijua ziwa, halafu unaliogopa?"

"Njo kwa sababu ninalijua," aliwajibu, akiendelea kufunga kamba.

Woga huo ndio uliomfanya awe fundi wa kutegemewa. Aliisikiliza injini jinsi mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Sauti ikibadilika kidogo tu, yeye alikuwa ameshasimama. Komanda Gaspard, mwenye boti iliyopeleka watu na mizigo kutoka Kalemie hadi Zongwe na Moba, alisema kwamba angempa fundi jasiri mshahara mara mbili ili akae nyumbani, na angembakiza Zahoro.

Woga mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haukuwa wa ziwa. Ulikuwa wa kikohozi. Baba yake alifanya kazi bandarini maisha yake yote, akiwasha sigareti moja kwa kipisi cha nyingine, na mwaka wake wa mwisho hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wenye kutu. Zahoro alikuwa kijana wakati ule. Alikisikia kile kikohozi kupitia ukuta wa udongo, akaapa hatavuta, na kabla ya kufika miaka ishirini alikuwa anavuta.

Asubuhi moja, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, alikohoa uani huku akinawa uso, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilikuwa ya baba yake. Si kwamba ilifanana tu. Ilikuwa yenyewe. Aliketi juu ya jiwe la kufulia, na mke wake Mouna alipotoka na birika la chai alimkuta ameishika shingo yake kwa mikono miwili.

"Papa Salama, uko na nini?" Salama ni binti yao wa kwanza, na kwa jina lake ndivyo walivyoitana.

"Mzee amekohoa," alisema. "Ndani yangu."

Ndivyo alivyofika kwa Edmond, akitafuta cha kumtoa kwenye sigareti. Edmond alikuwa na kibanda kwenye barabara ya bandari, akiuza simu, chaja na taa za jua, na kwenye kabati lake la kioo alikuwa na sigareti za mvuke, zile za betri, zilizokuja na meli kutoka Kigoma. Wavutaji wa mvuke wa Kalemie hawakuwa wengi. Wote wangetosha kwenye benchi moja lililokuwa mbele ya kibanda hicho, na mara nyingi ndipo walipokuwa: kinyozi, dereva wa lori, karani mmoja wa forodha, na sasa fundi wa boti.

Ya kwanza aliyonunua ilikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu za rangi. Ilikuwa nzuri kama saa ya harusi. Unyevu wa ziwa uliingia ndani yake, tarakimu zikaanza kucheza zenyewe, kisha kioo kikawa cheusi. Ya pili ilikufa kwenye tundu la kuchajia, baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, kama kawaida ya umeme wetu. Zahoro aliifungua juu ya meza yake ya kazi. Ndani alikuta kadi ya kijani, ndogo kama kucha, yenye vidoa visivyohesabika. Akaitazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na skrubu ya kukaza, hakukuwa na waya wa kuunga. Alirudi kwenye sigareti siku ileile, na usiku kikohozi kikarudi pia.

"Mimi ninaogopa kitu ambacho siwezi kukifungua," alimwambia Edmond.

Edmond aliinama chini ya kabati akatoa kiboksi cha alumini kilichokwaruzika, kizito mkononi. Hakikuwa na kioo wala taa wala tundu la kuchajia. Kilikuwa na betri moja ya duara, vipande vya shaba, springi, kitufe ubavuni, na chini yake chupa laini ya plastiki yenye dawa, majimaji yanayogeuka mvuke. Ukiiminya chupa kwa kidole, dawa inapanda kutoka chini mpaka kwenye pamba na kiwaya. Ukibonyeza kitufe, shaba inagusa betri, kiwaya kinakuwa chekundu, unavuta. Basi.

"Nionyeshe ndani," alisema Zahoro.

Edmond akakifungua kwa vidole vitupu. Zahoro akacheka peke yake. Kila kipande alikielewa. Shaba ikichafuka ungeisugua kwa limau. Betri ikiisha ungeitoa na kuweka nyingine, huku ile ya kwanza ikichajiwa kwenye paneli ya jua. Mvutaji mwenye mikono ya grisi hakuhitaji kufungua kifuniko na kudondosha dawa tone kwa tone, kwa kuwa chupa ilifanya kazi hiyo kutoka chini. Dereva wa lori alikuwa na kama hicho, na kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye kabini ya lori lake njia ya Nyunzu, gurudumu likapita pembeni, akakipangusa na kuendelea kuvuta. Kinyozi alisema chake kilitumbukia kwenye beseni la sabuni. "Nilikianika tu," alisema, "kama soksi."

Lakini Edmond hakucheka. Alimshika mkono.

"Sikiliza, Papa Zahoro. Zile zingine ziko na akili. Zikiona joto limepita kiasi, zinajizima. Hii haina akili hata kidogo. Kitufe kikibonyezwa kikabaki hivyo, betri itachemka mpaka ipasuke. Unaona hii pete chini ya kitufe? Ukimaliza kuvuta, unaizungusha, kitufe kinafungika. Usiisahau. Akili njo wewe."

Zahoro aliizungusha pete papo hapo, akaijaribu, akaizungusha tena. Kwa mtu mwoga kama yeye, onyo lilikuwa nusu ya bidhaa. Nyumbani alimfundisha Mouna: ukisikia betri inalia, usiiguse kwa mkono, itupe nje, mbali na watu. Mouna alisikiliza, akauliza, "Na hicho njo unaleta kwenye nyumba yenye watoto?" Tangu siku hiyo kiboksi kililala juu ya ukuta wa uani, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.

Mtaa ulikipa jina kwa sababu ya chupa yake. Walikiita biberoni, kama chupa ya kunyonyeshea mtoto, na Zahoro akawa Papa Biberoni. Hakujali. Miezi ilipita na kikohozi kikapungua, na asubuhi alikuwa anajisikiliza akinawa uso, akisubiri sauti ya mzee, na mzee hakuja.

Siku ya mkasa ilikuwa siku ya kiangazi yenye upepo wa kusini. Mdogo wake Mouna alikuwa anakaribia kujifungua kule Zongwe, na Mouna alitaka kuwa karibu naye, kwa hiyo alipanda boti ya Gaspard pamoja na mume wake. Boti ilikuwa imejaa. Mifuko ya saruji ilipangwa katikati, juu yake magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni, na kando ya saruji bidoni za esansi, madumu ya petroli, zimefungwa kwa kamba chini ya turubai. Abiria waliketi juu ya kila kitu. Zahoro alikuwa amevuta ufukweni, mara ya mwisho kabla ya safari, maana kwenye boti hakuvuta kamwe. Alikuwa amemwahidi Mouna, na hata bila ahadi asingethubutu karibu na esansi. Gaspard alimwita kwa haraka, bomba la mafuta linavuja. Zahoro alitumbukiza biberoni kwenye mfuko wake wa turubai, akamrushia Mouna mfuko, akakimbilia nyuma kwenye injini.

Bomba alilikaza. Boti ikatoka, ikaipa Kalemie mgongo, milima ikabaki mkono wa kulia. Mawimbi yalikuwa mafupi na makali. Zahoro aliketi karibu na injini akifuta mikono kwa kitambaa, na ndipo wazo lilipomjia, taratibu, kama maji yanayopenya kwenye ubao.

Je, pete aliizungusha?

Alijaribu kukumbuka. Aliona ufuko, aliona mvuke ukichukuliwa na upepo, alisikia Gaspard akiita. Aliona mkono wake ukiingia mfukoni. Kidole gumba hakukiona. Kila siku kidole gumba kiliizungusha pete chenyewe, bila yeye kufikiri, na kwa sababu hiyo hakuwa na kumbukumbu ya siku yoyote. Huenda aliizungusha. Bila shaka aliizungusha. Alitazama katikati ya boti. Mouna alikuwa ameketi juu ya saruji, na mfuko aliubana chini, kati ya gunia la chumvi na sufuria yake kubwa, usije ukaanguka majini. Kila wimbi lilipoipiga boti, gunia lilisogea, likaubana mfuko zaidi.

Akaweka kitambaa chini.

"Mama Salama!" aliita, akijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Nipitishie mufuko yangu."

Mouna aligeuka, akamtazama, akatikisa kichwa. "Hapana."

"Mama Salama, ninaomba mufuko."

"Ulisema kwenye boti hutavuta!" alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Esansi iko hapa kwenye miguu yangu. Hata haya huna?"

Abiria wakacheka. Mama mmoja mfanyabiashara wa sabuni, Pascasie, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Mouna, akasema, "Wanaume ni watoto. Biberoni imemshinda kuacha hata saa moja!" Wakacheka zaidi.

Zahoro alifungua mdomo kuwaambia, akaufunga. Aliwaona wote mara moja, vichwa vyote, watoto mapajani, magunia yaliyopanda juu kuliko inavyostahili. Neno moja tu, moto, na watu hawa wangesimama. Boti iliyojaa namna hii haihitaji moto kuzama. Inahitaji watu wasimame.

Kisha upepo, uliokuwa ukivuma kutoka mbele, ukamletea harufu. Ilikuwa nyepesi, tamu, ya mnanaa ulioungua. Ilikuwa harufu ya pamba iliyokauka dawa huku kiwaya kikiendelea kuwaka. Hakuna mtu mwingine kwenye boti ile aliyejua maana yake.

Baadaye alisema kwamba hakuwaza kitu chochote cha maana, aliwaza tu viatu vyake, kwamba vina grisi na vitateleza. Alimsogelea Gaspard aliyeshika usukani, akasema karibu na sikio lake.

"Komanda, usigeuze uso. Biberoni yangu inawaka pale katikati. Betri itapasuka. Shika pua ya boti kwenye wimbi, usiiache iyumbe. Ninaenda kuichukua."

Gaspard hakugeuza uso. Lakini Zahoro aliona rangi ikimtoka shingoni. "Kando ya esansi?" alinong'ona.

"Kando ya esansi."

"Mungu wangu. Enda. Enda polepole."

Zahoro alianza kutambaa juu ya watu. Alijilazimisha kutabasamu, na tabasamu lenyewe lilimuuma mashavu. "Pole, Mama. Ninapita, Papa. Pole, muguu." Watu walinung'unika. Mzee mmoja alimwambia kwamba fundi anakaa kwenye motere, si kutembea juu ya vichwa vya watu. Mtoto alimkamata jile, ikabidi afungue vidole vile vidogo kimoja kimoja huku moyo ukimpiga masikioni. Harufu sasa ilikuwa nzito. Pascasie alikuwa anakunja pua, akimwangalia jirani yake kama kwamba amebeba kitu kibovu.

Mouna alikuwa ametayarisha maneno ya kumkaripia. Yalimwishia kinywani. Alikuwa ameuona uso wa mume wake, na alikuwa ameishi na woga wa mume wake miaka mingi kiasi cha kujua huu haukuwa ule wa kila siku.

"Betri," alisema Zahoro bila kutoa sauti, midomo tu.

Mouna alishusha mkono kwenye mfuko, akaurudisha upesi kama aliyegusa jiko. Hakupiga kelele. Zahoro hajaacha kumshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Alisogeza miguu, akasukuma sufuria kwa goti, na Zahoro akakamata mkanda wa mfuko, akavuta. Haukuja. Mkanda ulikuwa umenasa chini ya gunia la chumvi. Akavuta tena. Ndani ya mfuko kitu kilianza kulia, ssssss, sauti nyembamba na kali, na uzi wa moshi mweupe ukatoka kwenye mshono.

Pascasie aliisikia ile sauti. Akatazama chini, akaona kitu kikitikisika kati ya magunia.

"Nyoka!" alipiga yowe. "Nyoka iko mu mizigo! Yesu wangu, nyoka!"

Lile neno lilifanya kazi ambayo Zahoro alikuwa ameiogopa tangu mwanzo. Watu walisimama. Walisimama wote, na wote walikimbilia upande mmoja, mbali na nyoka, na boti ikainama kama mtu anayeinama kunywa maji. Ziwa likaingia juu ya ubavu, la baridi, la kijani, likajaa miguuni. Makatoni ya sabuni yakaporomoka majini. Zahoro alisikia kina mama wakiita majina ya watoto wao, na nyuma ya sauti zote akamsikia Gaspard akinguruma, "Chini! Kaeni chini! Muntu akisimama nitamutupa mwenyewe!" na injini ikipandishwa nguvu ili pua isigeuke.

Kule kuinama ndiko kulikolisogeza gunia la chumvi. Mkanda ukaachia. Zahoro aliudaka mfuko kwa mkono wa kulia, na turubai yake ikapasuka kwa moto palepale kwenye kiganja. Alihisi kama amekamata kaa la jiko na kaa limemkamata yeye. Alisema "Ya Rabi," akarusha kwa nguvu zake zote juu ya upande uliokuwa mtupu. Mfuko ulilipuka ukiwa hewani, mwali mrefu wa rangi ya machungwa na mlio kama wa fataki, kisha ukaanguka majini na kuzimika. Cheche moja ilianguka juu ya turubai iliyofunika bidoni. Turubai ikaanza kujikunja, ikatoa mwali mdogo, wa bluu, mzuri kabisa. Mouna aliuona kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Aliketi juu yake. Alikaa tu, kwa uzito wake wote, na kitenge chake kilichojaa maji ya ziwa, na hakuinuka.

Boti ilitikisika, ikasita, ikasimama wima.

Walisikia injini na maji yakicheza miguuni. Kisha mtu mmoja akaanza kukumba maji kwa mkebe, na wengine wakafuata kwa sufuria, kwa vikombe, kwa viatu. Mouna bado alikuwa amekaa juu ya turubai. Zahoro alimwambia ainuke, moto umezimika, na yeye akasema, "Miguu imekataa."

"Nyoka iko wapi?" aliuliza Pascasie, meno yakigongana.

"Imetupwa," alisema mzee yule mnung'unikaji. "Fundi ameikamata kwa mukono. Niliona. Ilikuwa inatema moto."

Na hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa, boti ikiwa bado njiani. Watu walimshika Zahoro bega. Mama mmoja alimfunga kiganja kwa kitambaa cha kichwa chake huku akimwombea. Zahoro alimtazama Gaspard kule nyuma, na Gaspard akamtikisia kichwa polepole, akimaanisha wacha iwe nyoka. Mfanyabiashara wa boti hawezi kuishi kama watu watasikia fundi wake alikaribia kuwachoma. Na Zahoro aliogopa. Aliogopa mikono ile iliyokuwa inampapasa mgongo, jinsi ambavyo ingegeuka. Akanyamaza. Kila shukrani ilimwingia kama mwiba, na safari iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko safari yoyote aliyowahi kusafiri.

Walipofika Zongwe, wavuvi walisogea kusikiliza, na yule mzee alikuwa tayari ameshaanza kusimulia urefu wa nyoka. Hapo Mouna alishuka, kitenge chake kimetoboka na kuungua nyuma, akasimama kwenye mchanga.

"Haikuwa nyoka," alisema. "Ilikuwa biberoni ya bwana yangu. Hakuifunga vizuri. Mimi niliibana pale kando ya esansi, naye akaja kuitoa. Nyoka hapana. Musidanganye watu."

Zahoro alisubiri kupigwa. Kijana mmoja alimsogelea kwa ngumi, na wanaume wawili wakamzuia. Kulikuwa na matusi, na mengi yalikuwa ya haki. Lakini kitu alichokikumbuka zaidi ni Pascasie. Hakutukana. Alirudi kuitazama boti, akaziangalia bidoni, akapaangalia mahali alipokuwa ameketi. Kisha akajikalisha mchangani, akaanza kutetemeka mwili mzima. Woga wake ulikuwa umechelewa njiani, sasa ulikuwa umefika. Mouna aliketi karibu naye, na wale wanawake wawili walishikana mikono.

Muuguzi wa kituo cha afya, Immaculée, aliosha kiganja cha Zahoro, akakata ngozi iliyokufa. Alimwambia vidole vitapona, ila kiganja kitabaki na kovu. Zahoro alimwuliza kama asingekuwa na kile kifaa, na angeendelea na sigareti, kifua chake kingekuwaje.

"Kibaya zaidi," alisema Immaculée. "Lakini hujaniuliza kama usingekuwa na chochote."

Mdogo wake Mouna alijifungua salama, mtoto wa kike. Zahoro alimpakata kwa mkono mmoja, akiogopa kumwangusha. Jioni zile shemeji yake alikuwa anavuta sigareti mlangoni, na moshi ulimfikia Zahoro, naye alikaa juu ya mkono wake mzima ili usinyooke.

Siku ya kurudi, abiria walikataa kupanda na yeye. Gaspard alikuna kichwa. Alikuwa amempata kijana mwingine wa kushika injini, na hakuwa na ubaya na Zahoro, lakini wateja ni wateja. Mouna alikuwa ameanza kuuliza habari za boti nyingine wakati Pascasie alipotoka kwenye umati na kusimama mbele ya Zahoro.

"Nyoosha mikono, Papa."

Alimpekua. Alitia mkono kila mfuko, akapapasa jile, akamvua kofia, akaitikisa. Watu walitazama kimya. Alipomaliza alimwambia Gaspard, "Hana kitu. Atakaa karibu yangu, nimwone."

Kwa hiyo Zahoro alirudi Kalemie akiwa abiria, mara ya kwanza tangu ujana, amebanwa kati ya mke wake na mwanamke aliyepoteza makatoni ya sabuni kwa sababu yake. Hakuweza kuona injini. Kila iliposita alishtuka na hakujua kwa nini imesita, na hakuna aliyemweleza. Pascasie alikuwa ameshika kamba ya jile ya Zahoro safari nzima. Zahoro hakujua kama mama huyo alikuwa anamzuia yeye au anajishikilia mwenyewe asianguke.

Kwenye benchi la Edmond walimsubiri. Aliwasimulia yote, hakubakiza. Kinyozi alitoa biberoni yake mfukoni, akaizungusha pete, akaitazama, akaitoa betri kabisa na kuiweka mfuko mwingine. Dereva wa lori alifanya vivyo hivyo.

"Na bado hamtaziacha," alisema Zahoro.

"Na nitachukua ipi?" aliuliza dereva. "Zenye akili zinakufa kwa mwezi mmoja, na zikifa ninanunua sigareti. Hii inaishi."

Edmond alimwekea Zahoro mbele nyingine mpya, yenye kadi ya kijani ndani, inayojizima yenyewe joto likizidi. Zahoro aliigeuza mkononi, akaujaribu uzito wake, akairudisha juu ya kioo.

Gaspard alimrudisha kazini baada ya mvua za kwanza. Mpaka leo hajanunua nyingine, na sigareti hajagusa. Anatafuna tangawizi mpaka ulimi unakufa ganzi. Majirani wanampongeza kwa kuacha, wanasema Papa Zahoro ameonyesha uanaume, na imamu alimtaja siku moja baada ya swala. Zahoro anaitikia asante. Akiwa na Mouna tu ndipo anaposema ukweli, kwamba hajui kama ameacha ama bado anaogopa, na kwamba woga ukiisha hajui mkono wake utanyooka kwenda wapi.

"Basi usiishe," Mouna anamwambia, na anamwongezea tangawizi kwenye chai.